Kitambulisho cha Daisy

Kijiko kiligonga kikombe mara moja tu, kisha kikanyamaza, kama kwamba mtu alikizuia kwa kidole. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilijua ni Robinah aliyekuwa jikoni, maana Daisy akikoroga chai hata jirani wa juu huamka.

Nikajifunga leso nikatoka. Alikuwa amesimama gizani, mkono mmoja umeshika ukingo wa sinki, anakunywa maji ya moto yenye chumvi. Miguuni pake kulikuwa na kitambaa alichokuwa akipangusia sakafu. Nilipowasha taa nikaona kimelowa damu.

"Nimekuamsha, Jjajja," akasema. Kwao Uganda bibi huitwa hivyo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Mimi mzima."

Aliniambia ni mzima na damu iko pale pale.

Nyumba ni ya binti yangu Annah, hapa Dubai, mtaa wa Al Muraqqabat, juu ya duka la mapazia. Chumba kimoja amewapangisha wasichana wawili. Daisy Kemunto ni mtu wa Nyamira, anahudumu mezani kwenye hoteli kule Marina. Robinah Nabirye ni wa Iganga, anasafisha maofisi. Kampuni yake iko Silicon Oasis. Mimi nililetwa kulea mjukuu, na mjukuu sasa anakwenda shule, kwa hiyo mchana wangu ni mrefu.

Nyumbani Vihiga nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Nilipita nyumba hadi nyumba na daftari, nikiandikisha watu bima ya hospitali. Kazi hiyo imenifuata. Kila Jumapili baada ya ibada wasichana huja mezani kwangu na simu zao, tunatazama bima ya nani iko hai na ya nani imekufa. Hapa Dubai sheria inasema mwajiri ndiye amlipie mfanyakazi wake, wala asimkate mshahara. Na bima yenyewe imo ndani ya kitambulisho. Ukikiweka kwenye mashine ya kliniki, inaonekana.

Ya Robinah ilikuwa imekufa miezi mitano. Visa yake hii ya pili ni ya miaka miwili, bima ni ya mwaka mmoja. Kampuni ililipa mwaka wa kwanza, wa pili ikanyamaza.

Katika nyumba yetu kila kitu huazimwa. Pasi, koti la kwenda nalo Kenya, viatu vya kwenda navyo kuomba kazi. Daisy alipomwona mwenzake anajikunja kwa maumivu, alimpa kitambulisho chake kama anavyompa pasi. Hakuombwa. Alikiweka juu ya mto wa Robinah, akaenda kazini. Sijasahau wema ule, ingawa ndio uliotufikisha pabaya.

Robinah alikwenda kliniki mara mbili akiitwa Daisy. Asubuhi ile akaniambia yote akiwa amekaa sakafuni. Daktari amekuta uvimbe kwenye kizazi, lazima upasuliwe. Siku imepangwa, Alhamisi ijayo. Jina lililoandikwa ni Daisy Kemunto.

Daisy, ambaye huniita Shosh, yaani bibi, alitoka chumbani na kofia yake ya kulalia. "Shosh, usianze. Daktari mwenyewe hatuangalii usoni. Kwao sisi wote tuna sura moja."

"Damu yako ni kundi gani, Daisy?"

"O. Imeandikwa huko kwao."

"Na yako, Robinah?"

Robinah akatikisa kichwa. Hakujua.

"Akihitaji damu mezani, watamwekea ya nani?" nikauliza. "Na akifa?"

"Shosh!"

"Nauliza tu. Watampigia simu mama yako Nyamira wamwambie Daisy amekufa. Atalia, atachimba kaburi. Na mama yake Robinah kule Iganga atakaa akingoja simu ya Jumapili."

Daisy aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akaivua kofia ya kulalia.

"Basi tufanyeje?" akauliza.

"Tutakwenda kudai bima ya kwake."

Robinah alishtuka. "Jjajja, Sir, meneja wetu, atanifutia visa. Atanirudisha nyumbani."

Sikumbishia, kwa sababu ingewezekana. Nikamwambia, "Mwili ni wako na kazi ni yako. Ukisema twende, nitakwenda nawe. Ukisema nikae, nitakaa." Akamaliza maji yake, akakiosha kikombe, akakipangusa. Kisha akaenda kuvaa.

Tulipanda metro, kisha basi. Ofisi ya kampuni ni chumba kimoja chenye kochi, meza mbili na baridi kali ya mashine. Kwenye meza ya mlangoni alikaa msichana aitwaye Shahad. Meza ya ndani ilikuwa ya meneja, Bwana Ghanim, mtu wa manukato mazuri na sauti ya upole. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na chake.

"Robinah! Mbona hupo kazini?" akauliza.

"Mimi mgonjwa, Sir. Nimekuja kwa ajili ya bima."

"Ah, bima. Bukra, inshallah."

"Bukra" ni kesho. Robinah alikuwa ameiomba bima ile mara nne, na mara zote aliambiwa bukra.

"Bwana," nikasema, "Mungu akipenda ndiyo, nami pia husema hivyo. Lakini katika hili Mungu ameshapenda. Sheria ipo. Umebaki wewe."

Akanitazama. "Mama ni nani?"

"Mimi ni Damaris, bibi yake."

"Yeye ni wa Uganda. Mama ni wa Kenya, nasikia kwa maneno."

"Basi ni bahati yake, ana bibi kila nchi."

Shahad aliinamisha kichwa. Nadhani alicheka. Bwana Ghanim akasema ana wageni, turudi wiki ijayo. Nikamwambia sisi hatuna haraka, tutangoja. Nikakaa kwenye kochi, nikatoa uzi na sindano zangu, nikaendelea na soksi ya mjukuu.

Tulingoja tangu saa tatu hadi karibu saa saba. Shahad alituletea chai bila kuagizwa. Alipomwona Robinah anatetemeka, akaenda akapunguza baridi ya mashine, akarudi kukaa kama hakufanya kitu. Wateja waliingia, wenye maofisi yanayosafishwa. Mama mmoja aliniuliza kama nimehudumiwa. Nikamjibu kwa adabu, "Bado. Tunangoja bima ya huyu binti anayesafisha." Bwana mwingine aliuliza, nikamjibu vile vile. Sikumtukana mtu wala kupaza sauti.

Hatimaye Bwana Ghanim alitoka nyuma ya meza, akachuchumaa mbele ya Robinah kama baba. "Sikiliza. Nitakukatia tiketi. Uende kwenu ukatibiwe, upumzike kwa mama."

Niliona uso wa Robinah ukilegea. Alikuwa hajamwona mama yake miaka mitatu. Sindano zangu zikasimama.

"Nitarudi kazini baadaye, Sir?"

"Tutaona. Au," akapunguza sauti, "si ninyi wasichana huazimana vitambulisho? Najua. Mimi sisemi. Tumia cha rafiki, tiba upate, na matata hakuna."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini miezi mitano mtu huyu alilala usingizi. Wema wa Daisy ulikuwa umemfanyia kazi yake bure.

Nilifungua kinywa, lakini Robinah alinitangulia. Alisimama, akishika tumbo.

"Daisy alinipa kitambulisho chake kwa sababu ananipenda," akasema. "Hakukupa wewe, Sir. Mimi siendi Iganga kufia kwa mama. Nimekusafishia miaka mitatu, hujaniona hata siku moja nimekaa. Leo nimekaa. Nataka jina langu."

Wateja wawili walikuwa ndani. Hakuna aliyejifanya hasikii.

"Hasira haifai," Bwana Ghanim akasema. "Ni mtu mmoja tu, tutaangalia."

"Si mmoja," nikasema, nikatoa daftari. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekwenda kule wanakolala wasafishaji wenzake, tukatazama simu moja moja. Mimi husoma polepole, kwa kidole, kama nilivyofundishwa na dada yangu, kwa kuwa mimi niliishia darasa la nne. Nikavaa miwani, nikaanza. Jina, na siku bima ilipokufa. Jina, na siku. Nilipokwama kwenye jina la Kinepali nilirudia hadi nikalipata, maana kila mtu ana haki ya jina lake kutamkwa vizuri. Nilikuwa kwenye la saba kati ya kumi na mawili.

"Khalas, Mama, inatosha," akasema. "Khalas."

"Bado matano. Na nikimaliza hapa, nitakwenda kuyasoma kwenye idara ya kazi. Huko nako nitasoma polepole."

Ndipo Shahad aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, "Sir, ukurasa wa bima nimeshaufungua. Nianze na nani?"

Msichana yule alikuwa na kazi ya kupoteza kama wengine. Namwombea hadi leo.

Bwana Ghanim alitazama wateja, akatazama daftari, akarudi mezani kwake. "Anza na Robinah," akasema.

Shahad alisoma maswali, Robinah akajibu. Likafika swali la ugonjwa. "Una ugonjwa wowote?"

"Hapana," Robinah akasema haraka. "Mimi mzima."

Nikamgusa mkono. "Hiyo si salamu, mwanangu. Fomu haijakuamkia. Inakuuliza."

"Nikisema, watanikataa."

"Usiposema, watakukataa siku umelala mezani."

Alifikiri. Shahad alingoja, vidole vimetulia. Robinah akasema yote, uvimbe, damu, tangu lini. Nikaona mabega yake yakishuka, kama aliyetua mtungi.

Sitasema mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Bima ilitoka juma lile lile, kwa wote kumi na wawili, lakini kampuni ya bima ilidai apimwe upya kabla ya kukubali upasuaji. Ile Alhamisi tuliiacha ipite, na kila damu ilipozidi nilijiuliza kama nimemponza. Tulingoja wiki tano. Annah alinunua maini ya kumwongezea damu. Mimi nilipika mboga za managu kila nilipozipata kwa Mkenya mmoja wa Deira. Daisy alifua shuka za mwenzake usiku akitoka kazini, na hakuniruhusu kuzigusa.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Kwenye faili lako umebaki na uvimbe."

"Nitakwenda daktari aniambie umeyeyuka, Shosh. Nitatoa ushuhuda kanisani."

"Utakwenda useme ukweli."

"Najua," akasema, akiendelea kukamua shuka. "Wacha kwanza nicheke."

Kibali kilifika siku ya Jumatano. Walimpasua Jumatatu, na ilibidi aongezwe damu. Kundi lake lilikuwa B.

Nilipofika hospitali, msichana wa mapokezi aliuliza namtaka nani. Nikasema, "Robinah Nabirye." Akatazama, akanielekeza ghorofa ya pili. Nilimkuta amelala, midomo imekauka, macho yako wazi. Nikamlowesha midomo kwa pamba. Nikamwambia Sir amemwekea mtu wa kushika zamu zake na kazi yake ipo, nimeuliza mwenyewe. Nikamwambia wale kumi na mmoja wanamsalimu, na mmoja wao tayari ameng'olewa jino lililomtesa mwaka mzima.

Alitabasamu kidogo. Nesi akaingia kusema muda umekwisha. Nikachukua mkoba wangu, na Robinah akanishika upindo wa leso.

"Kesho uje tena, Jjajja," akasema. "Uje na Daisy. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa kumi."