Bado Tunasalimiana

Penina hakukataa kuhojiwa. Alichokataa ni kuulizwa maswali yaliyokwisha kujibiwa mjini.

Tangu serikali iwatoe yeye na wenzake kwenye mashamba yao kaskazini ya Mlima Meru, ili walowezi wapate pa kufugia ng'ombe, alikuwa akiishi kwa kaka yake Moshono. Huko mjini walitangaza kwamba watu waliondoka kwa hiari. Penina alijiapiza uongo huo hautapita mdomoni mwake. Na sasa gari la redio lilikuwa limesimama uani, na mzungu mgeni, ambaye Kiswahili chake kilianzia "jambo" na kuishia "hapana", alikuwa akifungua mashine ya kunasa sauti. Mtangazaji alikuwa kijana wa Kimeru, Elinami, kajifunga tai kwenye jua lote lile.

"Mama, ulihama kwa hiari, sivyo?" akauliza, hata kiti hakijapata joto.

"Hapana."

Mzungu akazima mashine, akafoka kwa Kiingereza.

"Anasema tuanze upya," Elinami akatafsiri, akitazama viatu vyake. "Uanze na uzuri wa huku."

Penina alikasirika, kisha akamwonea huruma. Mtoto wa watu, nani kamfundisha kuingia nyumba ya mtu akitanguliza swali? Kwao mgeni alionja chakula kwanza, akatoa habari za alikotoka, ndipo akauliza.

"Hujanisalimia," akasema, akamsogezea bakuli la loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando.

Elinami akaona haya. Akaisukuma karatasi ya maswali chini ya kiti, akanywa. Mzungu, kuona watu wanaelewana, akawasha mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?"

"Wa Nathanaeli, wa kijiji cha Akheri."

"Mama yako mzima?"

"Mzima. Yuko kwenye kahawa."

"Shambani kwake?"

"Kwake. Na baba tulimzika humo humo, kwenye migomba."

"Kesho akikuta askari mlangoni, ataondoka kwa hiari?"

Elinami akaliweka bakuli chini. "Sijui, mama," akasema taratibu. "Niambie wewe. Siku ile uliamkia nini?"

Hapo ndipo Penina alipoona ameulizwa.

"Niliamkia moshi," akasema, "na haukuwa wa jikoni kwangu. Askari akaniambia nibebe ninachoweza. Nikabeba jiwe la kusagia. Zito, lakini nilimwona anataka niliache. Kaburi la mume wangu ndilo lililonishinda kubeba."

Neno "hapana", ambalo mzungu angelitambua, alilikwepa kwa makusudi. Mzungu akatazama saa, akauliza kitu. Elinami akamjibu bila kugeuka.

"Anasemaje?" akauliza Penina.

"Anauliza kama tumeshaanza. Nimemwambia bado tunasalimiana." Akamsogezea kipaza sauti. "Na mifugo, mama, haijambo?"

Penina akavuta pumzi. Sauti hakuipunguza.

"Mbuzi waliungua zizini," akasema. "Wote."