Mkono Kando ya Mimbari

Namnyaki alifika kwenye ujenzi na kibuyu cha loshoro, chakula cha ndizi na maziwa ya mgando, jua likiwa utosini, kama wake wote wa wajenzi walivyofanya. Kanisa lilikuwa bado halina paa. Kuta zake za mawe meusi ya mtoni zilikuwa zimefika usawa wa kifua cha mtu mzima, isipokuwa ule wa kaskazini, ambao tangu jana yake ulikuwa umepanda ghafla kuliko wenzake, na chokaa yake ilikuwa bado mbichi. Wanaume walikuwa wameketi kivulini wakila kimya. Alimtafuta mumewe, Lerionka, ambaye usiku hakurudi nyumbani, kwenye tanuru la chokaa, hakumwona. Akashuka mtoni walikotoa mawe, hakumwona.

Parsimei, nyapara wa ujenzi, alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao za mwerezi akimenya ndizi ya kuchoma.

"Mumeo ametoroka," alisema. "Jana jioni. Katupa jiwe, kaingia msituni."

"Mguu wake umevimba tangu ulipomchapa juzi. Hata kunyanyuka kitandani namsaidia."

"Basi katoroka akichechemea."

Namnyaki aliwatazama wanaume. Kila mmoja alikuwa akitazama chakula chake. Miongoni mwao alikuwamo Kisioki, mdogo wake Lerionka, aliyekuwa ameshika donge la ndizi mkononi bila kulipeleka kinywani.

Siku zile Wadachi walikuwa na amri moja kwa mlima mzima: kila boma litoe mwanamume wa kujenga, na anayetoroka, mifugo yake inachukuliwa na ndugu yake anashika nafasi yake mara mbili. Askari walikuja kesho yake asubuhi. Walitoa ng'ombe wote zizini. Namnyaki alipong'ang'ania kamba ya mtamba wa mwisho, askari mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki, akatema meno mawili kwenye majani. Mtamba alikwenda na wenzake. Tangu siku hiyo Kisioki alibeba mawe mchana, na jioni, wenzake wakirudi nyumbani, alibaki kupepeta chokaa.

Kanisa liliinuka. Mabati ya Ulaya yalitoka Moshi juu ya vichwa vya watu, na mmoja wao alianguka njiani akakatwa shingo na bati alilobeba. Boriti kuu ilikuwa mti mzima wa mwerezi, ikalazwa juu ya ukuta wa kaskazini na ule wa kusini. Madirisha yalipewa matao na vioo vidogo vya rangi ya asali. Yakapangwa mabenchi yasiyo na egemeo, ya wanaume kulia, ya wanawake kushoto. Mbele waliweka madhabahu ya mawe, na kando yake birika la ubatizo lililochongwa kwa jiwe moja. Mchungaji, Mdachi mpole aliyejua Kimaasai cha kuombea maji na njia, alishika kila kitu kwa kiganja chake na kusema ni kizuri.

Fundi alipokuwa akipigilia ngazi ya mimbari, lipu ya ukuta wa kaskazini ilipasuka kama udongo unaosukumwa na uyoga, na vidole vikatoka. Kufikia Jumamosi mkono mzima wa kulia ulikuwa nje hadi juu ya kiwiko. Ulikuwa wa moto kama wa mtu aliyetoka kazini. Fundi aliona mimbari itaubana, akaisogeza kidogo kuelekea madhabahu, akaendelea na misumari yake.

Mchungaji alimwita Namnyaki. Namnyaki hakuhitaji kuutazama mkono mara mbili, maana kidole cha shahada kilikuwa kimepinda tangu ujana, kilipong'atwa na chui.

"Ni baba Nanyori," alisema. Nanyori alikuwa mtoto wao wa kwanza.

Kisioki, aliyekuwa nyuma yake na karai la chokaa, alisema kwa sauti ya chini, "Jiwe lilimshinda, shemeji. Parsimei akamchapa mpaka ngozi ya mgongo ikaachana na nyama. Alipoacha kupumua, tukaambiwa tumlaze katikati ya ukuta kabla Mchungaji hajarudi safari. Mimi nilishika miguu."

Namnyaki akamgeukia Mchungaji. "Naomba mbomoe ukuta, nimtoe nikamlaze nyumbani."

Mchungaji aliinua macho kwenye boriti. "Mzigo wote umekaa juu yake. Tukimtoa, paa litashuka."

"Lishuke."

"Mabati yametoka Ulaya, mama," alisema kwa huzuni ya kweli.

Parsimei aliukata mkono kwa shoka jioni hiyohiyo. Damu ilitapakaa mpaka kwenye birika. Jumanne ulikuwa umeota tena, kidole kilekile kikiwa kimepinda. Aliukata tena, ukaota tena. Mchungaji ndiye aliyemkataza, kwa kuwa kila mara ukuta ulilazimika kupakwa chokaa upya na chokaa ilikuwa inakwisha. Ikakubalika kwamba mkono utakuwapo. Wanawake waliokuja kufagia walizoea kuusalimu.

Parsimei alibatizwa kabla ya kanisa kufunguliwa, akafanywa mzee wa kanisa, kwa sababu hakuna aliyelijua jengo kama yeye. Siku ya kuweka wakfu alivaa kanzu mpya. Watu walijaa hadi nje, na Bwana Shauri mwenyewe, mtawala wa Kidachi, alikuja kutoka boma la Arusha akakaa benchi la mbele na mkewe. Ubeti wa tatu wa wimbo ulipoanza, Parsimei alibeba sahani ya sadaka kuelekea madhabahuni, akapita kando ya mimbari.

Mkono ulimkamata koo.

Sahani ilianguka. Parsimei alirusha mateke, akavunja ngazi ya mimbari, akakwaruza mkono kwa kucha mpaka ukachuruzika. Askari wawili walimvuta kiunoni, wakawa wanamnyonga zaidi. Waumini waliendelea kuimba, maana mpiga kinanda alikuwa hajaacha.

"Mama Nanyori!" Mchungaji aliita. "Mwambie mumeo aachie!"

Namnyaki alisimama mahali pake katika benchi la wanawake. Alimtazama Parsimei, ambaye ulimi ulikuwa umeshatoka, akaona kwamba bado anasikia.

"Mume wangu alitoroka, Bwana Mchungaji," alisema. "Aliingia msituni akichechemea."

Akaketi. Shingo ya Parsimei ilivunjika kwa mlio wa kuni kavu, na mkono ukamwachia.

Bwana Shauri alisikiliza kesi palepale baada ya ibada. Kwanza alisema muuaji anyongwe. Fundi alimweleza habari ya boriti; Bwana Shauri akafikiri, akaamuru mkono ufungwe pingu na mnyororo kwenye pete ya chuma ukutani, kifungo cha maisha. Namnyaki, kwa kukataa kumzuia mumewe, alilazwa kifudifudi mlangoni pa kanisa akachapwa viboko hamsa ishirini, kipimo cha kawaida cha boma. Kisioki alipata ujasiri, akauliza kuhusu ng'ombe, maana sasa ilikuwa wazi kwamba kaka yake hakuwahi kutoka kazini. Bwana Shauri alikubali kwamba hakutoka. Lakini ng'ombe, alisema, walikwisha kuliwa na askari kwa nia njema.

"Na mimi?" Kisioki aliuliza. "Bado nashika nafasi yake?"

"Ule mkono unabeba mawe?"

"Haubebi, Bwana."

"Basi."

Majeraha ya mgongo wa Namnyaki yalipokauka, alianza kwenda kanisani kila alasiri. Mchungaji alimruhusu, akampa na kigoda. Alikuwa akishika mkono wa mumewe na kutoa chokaa chini ya kucha kwa mwiba, akimweleza ya nyumbani: Nanyori ameota jino, zizi limeota magugu. Mkono ulisikiliza. Wakati mwingine ulimgusa shavu upande wa meno yaliyokosekana.

Nje walikuwa wameanza kujenga mnara wa kengele. Nyapara mpya alikuwa kijana wa ukoo mwingine, na kiboko kilikuwa kilekile. Alasiri moja Namnyaki alisikia jiwe likianguka kutoka kwenye jukwaa, kisha akasikia sauti ya Kisioki ikiomba. Kiboko kilishuka. Mkono ukajikunja ngumi, mnyororo ukalia. Kiboko kikashuka tena, ngumi ikakaza mpaka mishipa ikasimama, na mnyororo ulikuwa mfupi.

Namnyaki hakwenda dirishani. Aliushikilia mkono kwa mikono yake yote miwili mpaka sauti ya Kisioki ikakoma, na wanaume nje wakaanza kubishana ni nani atashika miguu.