Taa Zilizojua Kuitika

Fundi umeme alipanda ngazi jikoni, akafungua taa ya zamani, akafunga mpya yenye spika ndani yake. Alikuwa ameshamaliza sebuleni, koridoni, bafuni na stoo, alikolala dada wa kazi. Hakukuwa na waya wa kuvuta wala nini. Bosi alizungumza kwenye simu yake akiwa amejilaza kwenye kochi, na sauti yake ikadondoka kutoka kwenye dari ya chumba chochote alichotaka. Alizinunua kwa ajili ya muziki, ila muziki aliusikiliza siku ya kwanza tu, kisha akaona zinafaa zaidi kumwitia dada.

"Dada!" taa ya bafuni ilisema.

"Abee," dada akajibu huku akikamua tambara. "Nakuja, mama."

Alimwita bosi mama, ingawa walikuwa rika moja na bosi alimzidi usingizi tu. Ndivyo nyumba nyingi zinavyokwenda. Mwajiri huwa mama bila kuzaa, na mfanyakazi huwa dada wa watu wasiojua hata jina la baba yake.

Taa zilikuwa na masikio pia. Kwa kuwa dada aliitika mchana kutwa chini yake, zikajifunza. Asubuhi moja bosi aliita, na kabla dada hajafungua mdomo, taa ya koridoni ikaitika kwa sauti ya dada ile ile, pamoja na mkwaruzo wake wa kikohozi: "Abee. Nakuja, mama." Dada akaenda. Ilishasemwa kwamba anakuja, sasa angekaaje?

Tangu hapo kila taa ilipoitika, sauti ya dada ilipungua kidogo, kama sukari kwenye nyumba yenye wageni. Kwanza akawa anakwaruza, baadaye ananong'ona, na mwishowe akafungua kinywa kumfukuza paka na hakikutoka kitu. Paka alimtazama, akaendelea kulamba sufuria.

Sauti yenyewe hakuitaka kwa maringo. Alikuwa na binti anayelelewa kwa bibi yake, mbali, ambaye alimwacha akiwa hajaacha kunyonya. Mtoto hakuikumbuka sura ya mama yake. Alimjua kwa sauti tu, kwenye simu ya Jumapili, na siku hizi alisikia pumzi tupu, akaogopa, akakata. Hilo lilimuuma dada kuliko kazi zote za nyumba ile. Alililia huku akipiga pasi, na kwa kuwa kilio hakikuwa na sauti, hakikumsumbua mtu.

Fundi akaitwa. Alisema mambo hayo hutokea.

"Zinashika sauti iliyo karibu," alieleza, akikung'uta vumbi mikononi. "Zikishashika, hazirudishi."

Dada akaonyesha taa ya stoo, kisha akajigusa kifua. Basi angalau apewe hiyo moja aondoke nayo.

"Hiyo haiwezekani, dada yangu," bosi akasema kwa upole. "Zimekuja seti. Ukitoa moja, zingine zinanuna. Si ndiyo, fundi?"

"Zinanuna," fundi akakubali, akakunja ngazi yake.

Bosi hakuwa mtu mbaya, mwenyewe alilisema hilo mara kwa mara. Jumapili simu ilipolia, aliichukua mikononi mwa dada, akaiwekea sauti kubwa, akainyanyua chini ya taa ya jikoni.

"Mama?" mtoto aliita.

"Abee," taa ikaitika.

"Ni wewe kweli? Mbona ulikuwa huongei?"

"Samahani, mama."

Mtoto akacheka. Kuitwa mama na mama yake kulimfurahisha, maana ndivyo wanavyoitwa mabinti wanaopendwa. Taa haikuyajua hayo. Yenyewe ilijua mama mmoja tu, na huyo alikuwa ameshika simu.

"Unakuja kunichukua lini?"

"Nakuja, mama."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Dada aliinyakua simu, akapanua mdomo mpaka mishipa ikasimama shingoni. Upande wa pili zilisikika ndala za mtoto zikikimbia, na begi likiburutwa sakafuni. Kisha akaja bibi.

"Mwanangu, usimdanganye mtoto. Kama huji, sema huji."

Taa haikuwa na neno hilo. Dada hakuwahi kulitamka katika nyumba ile, hata siku alizokuwa na homa.

"Sawa, mama," taa ikasema, na bibi akaridhika, kwani binti yake alimjibu hivyo tangu utotoni.

"Umeona?" bosi akasema, akiipokonya simu na kuikata. "Mmeelewana."

Jioni, dada akiwa anakata vitunguu, ukaingia ujumbe ulioandikwa na jirani kwa niaba ya bibi. Dada hakujua kusoma, hivyo bosi akamsomea. Mtoto alikuwa amekaa kando ya barabara na begi lake tangu mchana. Kila gari likipita anasimama. Mvua imeanza na hataki kuingia ndani.

"Niwajibu nini?" bosi akauliza.

Dada akatikisa kichwa kwa nguvu, akatikisa tena, akagonga meza kwa mpini wa kisu. Bosi alikuwa anatazama simu.

"Nakuja, mama," taa ikasema.

Bosi akaandika hivyo hivyo, akatuma, akauliza kama chakula kimeiva.