Wageni Kinywani mwa Matano

Matano alikuwa amekaa kwenye baraza ya dada yake, pale Msambweni, anachagua mawe kwenye pojo, gari la utafiti liliposimama mbele ya nyumba. Kazi ya kuchagua pojo alipewa na dada yake Mwanarusi tangu kidonda cha ulimi kilipoanza kumtatiza kusema. Mwanarusi aliona kuwa mwanamume asiyefanya kazi na asiyeongea ni hasara mara mbili. Zamani angalau alikuwa anaongea.

Gari lilikuwa jeupe, limeandikwa ubavuni: Utafiti wa Saratani ya Kinywa, Sababu, Mwelekeo na Matibabu. Neno la mwisho lilikuwa kwenye mlango wa abiria, kwa hivyo kila mlango ulipofunguliwa halikusomeka.

Akashuka mwanamke kijana aitwaye Purity, mtu wa bara aliyekaa Ukunda muda wa kutosha kujua adabu za pwani. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza habari za nyumbani, akaulizwa habari za safari. Kisha akamwomba Matano afungue kinywa. Akamulika kwa tochi ya simu, akakitazama kile kidonda upande wa kushoto wa ulimi, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyepata nyumba ya kupanga karibu na barabara.

"Mzee," akasema, "naweza kuingia?"

"Karibu," akasema Matano.

Mtu hujibu hivyo. Purity akavua viatu, akavipanga chini ya baraza, akapanda juu ya mdomo wa chini, akapitia kwenye pengo la meno ya mbele, akaingia. Wasaidizi wake wawili wakamfuata na masanduku ya vifaa. Dereva alibaki nje kulinda gari.

Mwanarusi alitoka jikoni na mikono ya unga, akaviona viatu, akauliza ni nani waliokuja. Matano akaonyesha kinywa chake kwa kidole. Mwanarusi akanung'unika kwamba wageni wa mchana ni vizuri watoe habari mapema, kisha akainama penye kinywa cha ndugu yake akauliza kama watakula. Walijibu kutoka ndani kwamba wameshakula Diani, lakini chai hawaikatai. Matano akaletewa chai ya vuguvugu, asije akamuunguza mtu.

Kabla ya wageni hao mambo yalikuwa yamenyooka. Kidonda kilimtoka pale pale alipozoea kuweka tambuu. Matano alijifunza kutafuna Tanga, akatafuna Pemba, akatafuna Mtwara, na katika vyote alivyowahi kushika duniani, tambuu peke yake ndiyo hakuiacha njiani: jani, popoo, chokaa, na tumbaku ya kuipa nguvu. Abdulaziz, daktari wa meno hospitalini, alikata kipande kidogo cha kidonda akakipeleka kupimwa, na majibu yaliporudi alimweleza bila kuzunguka. Ni saratani, lakini ni changa.

"Ami, ukikatwa sasa utapoteza kipande kama ncha ya kidole gumba," alisema. "Utasema kama mtu mwenye muhogo wa moto kinywani, lakini utasema. Ukikaa, watauondoa ulimi wote, na hapo tuwe tumepata bahati."

Siku ya kukatwa ilikuwa imeshapangwa, Mombasa, baada ya Maulidi. Matano aliafiki upesi, na si kwa ushujaa. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba, wake zake walikuwa wameolewa na watu wanaolala mahali pamoja. Alichovuna katika safari zake zote ni masimulizi. Kusoma alisoma vipande vipande: chuoni mpaka akafika nusu ya juzuu, shule ya misheni mpaka darasa la tatu, kisomo cha watu wazima mpaka mwalimu alipohama. Katika viungo vyake vyote, ulimi peke yake ndio uliohitimu.

Sasa ulikuwa na watu juu yake. Walipiga mahema kando ya ufizi, wakafunga jenereta nyuma ya gego la mwisho, na Matano akawa anaisikia sikioni kama nzi aliyepotea njia. Siku ya Ijumaa aliwaomba waizime, nao waliizima mpaka watu walipotoa salamu. Kuna waliouliza kama ni sawa Purity kuwa msikitini upande wa wanaume. Imamu alisema msichana yule hayumo msikitini, yumo ndani ya Matano, na hilo ni shauri la Matano.

Jirani yao Luqman alikuja kuuliza kama wanataka mlinzi. Purity alimjibu kutoka ndani kwamba nafasi ile ilishatangazwa na muda wa kuomba umepita. Luqman alimnunia Matano kwa muda, akidai kwamba mtu akipata mradi hupenda kuutia mdomoni peke yake. Wengine walimheshimu zaidi kuliko zamani. Watu waliokuwa wakimpita bila salamu sasa walisimama wakapiga hodi.

Matano alipendezwa. Maisha yake yote alikuwa mgeni. Alikuwa amelala kwenye nyumba za watu kutoka Lungalunga mpaka Kigoma, amekula wali wao na kulalia mikeka yao, na siku zote yeye ndiye aliyekuwa anakaribishwa. Hakuwahi kuwa na mlango. Hata baraza aliyoikalia ilikuwa ya Mwanarusi. Uzeeni ndipo Mungu alipomjaalia mahali pake mwenyewe pa kumpokea mtu, na ikiwa mahali penyewe ni kinywani, basi Matano hakuwa mtu wa kuchagua.

Kwa heshima ya wageni aliacha tambuu. Aliona si adabu kuwamwagia watu chokaa na mate mekundu pale wanapolala. Hazikupita siku nyingi, Purity akatoka, akakaa juu ya mdomo wa chini huku miguu yake ikining'inia kidevuni.

"Mzee, mbona umeacha tambuu?"

"Kwa ajili yenu, mwanangu."

"Tunashukuru sana. Lakini sasa hivi tuko kwenye sababu. Ukiacha kutafuna, sababu itatupotea."

Akamweleza kwa upole kwamba utafiti una utaratibu. Kwanza sababu, halafu mwelekeo, halafu matibabu. Matibabu bado yanatafutiwa wafadhili. Kesho yake dereva alileta popoo nzuri kutoka Mombasa na majani mabichi ya tambuu yaliyofungwa kwenye gazeti. Matano akarudi kutafuna, polepole, upande wa kulia, asimguse mtu. Kila wiki Purity alikipima kidonda kwa utepe. Kilipoongezeka aliwaita wenzake, nao walifurahi, wakapigana mabega. Matano aliisikia furaha yao mashavuni. Kwa kuwa ni utovu wa adabu wageni wafurahi na mwenye nyumba anune, naye alifurahi.

Maulidi yalipokaribia, Mwanarusi alimkalisha ndugu yake kwenye kigoda, akamshika taya, akasema ndani:

"Wanangu, mwatoka lini?"

"Bado twakusanya, bibi," Purity akaitika.

Mwanarusi akamwachia taya. "Waambie watoke, Matano. Utakatwa ulimi mzima kwa kuona haya."

"Dada, mimi nimelala nyumba ngapi za watu? Nani alinifukuza?"

"Wa Tanga walikufukuza. Wa Pemba walikufukuza wakakutupia na mkeka wako. Mimi mwenyewe nimekufukuza mara mbili."

"Lakini hukusema."

"Nilisema, Matano. Wewe ulikuwa waongea."

Hilo Matano hakuweza kulikanusha, maana ni kweli alikuwa anaongea. Lakini aliona kuwa kama wenzake walikosa adabu, si sababu ya yeye naye kukosa, hasa mara ya kwanza anapopata nafasi.

Siku ya kwenda kuchukua barua ya kukatwa walifuatana wote wawili hospitalini. Abdulaziz akamulika kinywani, akawakuta watafiti wanakunywa chai. Akawasalimu. Kisha akawaeleza kwamba hakuna daktari wa upasuaji atakayempokea mgonjwa mwenye watu ndani, kwa hivyo anaomba wahame leo. Purity akatoa kibali. Kilisema kwamba watafiti wataruhusiwa kukaa mpaka sehemu ya sababu ikamilike, na kilikuwa na mihuri. Abdulaziz akakisoma kwa makini mbele na nyuma. Kilikuwa sahihi. Naye alikuwa na muhuri, lakini wake ulikuwa wa meno tu.

"Ami," akasema, "kibali hiki hakimpiti mwenye mahali. Kinywa ni chako. Sema neno moja tu, watoke, na mimi nakuandikia barua sasa hivi."

Mwanarusi akamtazama ndugu yake. Matano akajiandaa kulisema. Alikuwa amelala kwenye nyumba nyingi za watu, na pia alikuwa anaupenda ulimi wake, na siku ile, kwa muda mfupi, ulimi ulishinda. Lakini alipotaka kuuinua alihisi uzito. Mmoja wa wasaidizi alikuwa amepitiwa na usingizi, kichwa chake amekilaza juu ya ulimi. Alikuwa anakoroma kidogo, kama watu waliofanya kazi ya halali. Matano akaona si vyema kumwamsha mgeni kwa kumfukuza. Akaamua kumngoja aamke.

Alipoamka, Abdulaziz alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine, na yule wa baada yake.

Siku ya Mombasa ikapita. Ikapangwa nyingine, nayo ikapita vivyo hivyo. Chini ya taya pakatokea kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju, na ulimi ukawa mzito hata ulipokuwa hauna mtu. Matano alisema maneno machache kila siku, akiyachagua kama pojo, na mengine Mwanarusi alilazimika kuyakisia.

Sehemu ya sababu ilipokamilika, matokeo yalitangazwa kwenye hoteli moja ya Diani. Matano aliketishwa safu ya mbele, amevaa kofia na fulana za utafiti. Aliyesoma ripoti ni Profesa Kavumbi, mkuu wa kazi yote, ambaye mwenyewe hakuwahi kuingia kinywani kwa sababu ya mgongo. Alisema imethibitika kuwa kidonda kilisababishwa na tambuu iliyochanganywa na tumbaku, na kwamba kilikua kwa sababu mgonjwa aliendelea kutafuna. Akasema tatizo kubwa la watu wa huku ni kuchelewa. Pendekezo la kwanza la ripoti lilikuwa kwamba wagonjwa wawahi hospitali mapema. Ukumbi ukapiga makofi. Matano alipiga kuliko wote, maana hapakuwa na mtu pale aliyelijua jambo lile kama yeye.

Kisha akapewa kipaza sauti atoe neno. Kwa wiki nzima alikuwa amefanya mazoezi mbele ya Mwanarusi, maneno mawili tu. Akasimama, akayasema. Kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mtu anayesukuma kabati.

"Mzee anasema anashukuru," akasema Purity. Watu wakapiga makofi tena.

Mwanarusi akasimama na buibui lake. "Hakusema hivyo. Amesema, matibabu lini?"

Profesa Kavumbi akatikisa kichwa kwa kukubali. "Swali zuri sana, mama," akasema, na akamwagiza Purity aliandike.

Liliandikwa. Nakala za ripoti zilipoletwa Msambweni, lilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya mambo yanayohitaji kufanyiwa utafiti zaidi. Matano aliutafuta ukurasa ule, akalisoma swali kwa kufuatisha kidole, kama alivyofundishwa kwenye kisomo kabla mwalimu hajahama. Ukoo wao haukuwahi kuingia kitabuni. Akalisoma mara ya pili, asione kosa, akampa Mwanarusi kile kitabu akiweke juu ya kabati, mahali pakavu. Mwanarusi alikiweka, akarudi jikoni, akapiga vyungu huko kwa muda mrefu kuliko mapishi yalivyotaka.

Jumatatu gari jeupe likaja. Purity akaamkia shikamoo, na Matano akaitikia kwa kichwa. Purity akaeleza kwamba sababu wamezimaliza, alhamdulillahi, na sasa wanaingia kwenye mwelekeo, yaani kujua ugonjwa unakwendaje mpaka unapofikia. Kazi hiyo, alisema, haitaki vifaa vingi. Yataka tu mtu awepo mpaka mwisho.

Matano akafungua kinywa. Nafasi ilikuwa imepungua sana. Purity alijaribu kwa kuinama, akajaribu kwa ubavu, akajigonga kichwa kwenye kaakaa, akamwomba radhi mwenye mahali. Kisha akamwomba, kama si taabu, apanue kidogo. Matano alijitahidi kwa nguvu zake zote mpaka machozi yakamtoka, maana aliona haya mgeni aingie kwake kwa shida.