Matabisi ya Sabuni

Mama Florentine, jirani yetu wa hapa Bulengera, anasimulia habari ya sabuni ninayopika kama vile alikuwa amekaa mu kalasi pamoja na batoto. Eti mwalimu Éliakim alipaka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, ku vitambaa, akaweka kila kitambaa mu beseni yake. Maji sawa, kusugua sawa, mais sabuni mbalimbali: ya kiwanda, ya unga, na yangu. Eti batoto balisema mbele ya kufua kama yangu itashinda, juu mama zao banaisifia. Ya kiwanda ikatoa doa. Ya unga pia. Yangu ikayeyuka yote, kitambaa kikabakia chekundu. Sasa batoto banaiita bugali ya Kavugho, na Kavugho ni mimi.

Nilimuacha aongee. Ukimukatiza anaanza upya.

Mais ku soko, bateja bangu baliniamkia na adabu yote, bakapita, bakaenda kununua ile ya kiwanda. Mimi naishi na ile sabuni. Mafuta inatoka Mbau, napika mwenyewe, nakata, naanika ku mbao mpaka ukigonga inalia kama jiwe. Inayeyuka namna gani?

Nikamuuliza Keren, binti ya Florentine, juu ni yeye alipeleka sabuni yangu ku masomo. Akaniambia akiangalia chini. Mama yake alikatala kutoa kipande alichonunua, eti ni ya kufulia. Akamupa matabisi.

Matabisi, ile kidogo ninayomuongezea kila mutu akinunua. Bila hiyo, muteja harudi. Ni mabaki ninayokata na kisu, bado mabichi, hayajakauka, ya kunawa mikono tu. Na Florentine anajua. Anatembeza habari nyumba kwa nyumba mu quartier nzima, ile ya matabisi tu anairuka.

Nikaenda ku masomo na kipande kikavu. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, hapana kucheka.

«Na ile matabisi, dada, nani anaipika?»

«Ni mimi.»

«Donc ni sabuni yako. Mimi nilijaribia kile kilifika mu kalasi.»

Tangu nianze kuuza naongeza matabisi ili batu bafurahi, na ni hiyo inanifukuzia batu.

Akaendelea polepole: matokeo hayabadilishwe juu mutu hayapendi, na batoto beshafika ku somo lingine, mizizi ya mimea. Nikamuambia sitaki abadilishe kitu. Ile ya kiwanda ilikuja kavu. Yangu pia ije kavu, hata ikishindwa tena.

Nikaweka kipande ku meza yake. Akakigonga na ukucha. Kikalia.

«Mwalimu, mujaribie tena na hii,» nikasema. «Mbele ya batoto bale bale.»

Inje batoto balikuwa beshapanga mustari. Akasogeza sabuni pembeni ya vitabu, akachukua kitambaa, akaanza kufuta chaki ku tableau. Mimi nikarudi ku mulango, nikasimama pale nangoja kuona kama ataijaribia.