Thamostati ya Gotu

Alhamisi moja ya mwaka wa themanini na nne, mwendo wa saa nne asubuhi, Zachary wa mradi wa maji alifika kwa fundi Ntongai akisukuma pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya kupozwa kwa maji, ya pekee Isiolo, na ilikuwa imechemka tena.

"Natoka hapa rejeta imejaa," alisema. "Nikifika Ngaremara, hata tone hakuna."

Ntongai hakuwa mtu wa haraka. Alingoja injini ipoe, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akapitisha kidole kwenye kila mpira wa maji. Akatandika gazeti chini, akajaza maji, akawasha. Gazeti likabaki kavu.

"Haivuji. Tupime thamostati."

Alitoa kile kidude cha shaba kinachofungia maji njia injini ikiwa baridi, na kuyafungulia yakipata moto. Akaazima sufuria kwa Kinanu wa chai, akakining'iniza kwa waya kisiguse chini, maana kikigusa chini kinadanganya.

Maji yalipoanza kutoa mvuke, kabla hayajatokota, kidude kilifunguka vizuri, upana wa ukucha. Kisha maji yote ya sufuria yakaingia ndani yake, yakaisha. Makaa hayakulowa.

"Inafungua," alisema Ntongai.

"Kwa hivyo ni nzuri?"

"Ni nzuri. Ila inafungulia kwingine."

Kwenye benchi la chai alikuwa ameketi Dahabo, akimngoja Zachary tangu alfajiri. Alikuwa ametoka Gotu kwa lori kuuliza mabomba yataletwa lini, kwa sababu mfereji wa kuchotea maji waliowekewa miaka mitatu iliyopita ulisimama peke yake mchangani, haujaunganishwa na kitu, na mbuzi wake walikuwa wamebaki tisa. Mabomba yenyewe yalikuwa papo hapo Isiolo, yameshikilia waya wa ua wa Zachary, yamepakwa rangi ya kijani.

"Hiyo maji inakuja kwetu," alisema Dahabo. "Kila hii pikipiki ikichemka, mfereji inakohoa, inatoa. Tena moto. Sisi tunakuja na majani ya chai mkononi."

"Na sukari je, haiji?" Kinanu aliuliza.

"Sukari tunangojea ofisa."

Zachary alitazama saa yake.

Ntongai alitia thamostati mpya kwenye pikipiki, nayo haikuchemka tena. Ile ya zamani ikabaki kwenye waya, na kila Alhamisi Kinanu aliipikia Gotu sufuria tatu. Dereva wa lori alisema zinafika.

Zachary naye aliandika ripoti kwamba Gotu kuna maji, tena ya moto. Hilo lilimpa raha, kwa kuwa ripoti yake ya kwanza, iliyosema kazi imekamilika, ilikuwa ikimsumbua kidogo, na sasa ilikuwa kweli. Mwezi uliofuata barua ilitoka Nairobi: kwa kuwa watu wa Gotu wana maji ya moto, ambayo hata makao makuu hayana, jina la Gotu limefutwa kwenye orodha ya wanaongojea mabomba.

Dahabo alikuja kuuliza tena. Mbuzi walikuwa saba.

"Barua inasema nini?"

"Inawapongeza, mama," Zachary alisema.

Dahabo alishukuru. Halafu akapita kwa Kinanu, akamwomba kwamba siku ya Alhamisi, akiona thamostati imefunguka, apunguze makaa kidogo, maana mbuzi wanaungua midomo.