Bango Lisiloibwa

Bango langu la kwanza la kupinga bangi lilipendwa sana, hasa na wavuta bangi.

Nilichora jani moja kubwa la kijani, lenye meno kama msumeno, nikalikata kwa mstari mwekundu wa kukataza. Sista wa kliniki, aliyeagiza kazi ile, alisema linavutia. Shangazi yangu, mwenye karakana ya kuchapa mabango, alisema kijani kimekolea. Mimi nikashukuru kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba ni kweli. Tukachapa mengi, tukayabandika kwenye ukuta wa kliniki, kituo cha mabasi na uzio wa shule, na kabla ya wiki kwisha halikubaki hata moja. Sista akafurahi, akidhani wazazi wanayabeba nyumbani kuwaonya watoto.

Niliyakuta kijiweni, nyuma ya gereji, wanakoshinda vijana wa msokoto. Wameyapanga ukutani kama picha za harusi. Ule mstari mwekundu ulikuwa umefunikwa kwa rangi ya kijani, tena kijani kilekile, huoni hata mstari ulipoanzia. Mtu mmoja tu ninayemjua anaweza kuchanganya rangi hivyo. Alikuwa chini ya mabango yale, kwenye kiti kilichong'olewa katika gari bovu, miguu kainyoosha.

"Mdogo wangu," kaka yangu akasema, "kijani umekipatia."

Kaka ndiye aliyenifundisha kuandika herufi za mabango. Siku moja alitoka karakanani kwenda kukaa kidogo na wenzake, na kidogo hicho hakijaisha mpaka leo. Kijiweni wanamwita Waziri, kwa kuwa mipango yote hupitia kwake: kufuga kuku, kununua lori, kufungua karakana kubwa kuliko ya Shangazi. Yote huanza kesho. Shangazi alikuwa amemtunzia nafasi yake mezani, lakini sasa uvumilivu ulikuwa umefika ukingoni. Mwezi ukiisha hajarudi, nafasi anapewa fundi mwingine. Alisema karakana si makaburi, hawezi kumtengea mtu mahali akiwa bado hai.

Sista alipojua mabango yake yamekuwa pambo la kijiwe, alitaka tuchore fuvu la kichwa linalotoa moshi machoni. Nikakataa. Pale kijiweni kuna bwana mmoja aliyeanza kuvuta kabla Sista hajazaliwa, na mpaka leo anapanda paa kuziba mabati. Ukiwaambia bangi itawaua kesho, wanamwonyesha yeye, wanakufa kwa kucheka.

"Sista, kaka yangu bangi haijamuua," nikamwambia. "Imemkalisha."

Akasema nichore ninachokijua, ila hili ndilo la mwisho. Nikikosea tena ataagiza kwingine.

Nikarudi kijiweni na penseli. Walinipokea vizuri wakidhani nawaongezea mapambo. Mmoja hata alichana nywele. Nikasubiri mpaka Waziri alipoinuka kwenda kujisaidia, nikachora kiti chake. Sponji imetoka pembeni, na katikati pamebonyea mara mbili, waziwazi, kama alama ya mtu aliyekalia saruji mbichi.

Bango lilikuwa hivyo tu: kiti kitupu cha kijivu na shimo lake, na juu yake maneno mawili niliyoyaandika kwa mkono, KESHO NAANZA. Shangazi akauliza uzuri uko wapi. Nikamwambia uzuri ndio uliotuibia.

Moja tulilipigilia kwenye uzio mkabala na kijiwe. Asubuhi lipo. Kesho yake lipo. Nani atake kutundika chumbani shimo la makalio ya mwenzake? Kisha fundi wa gereji akatoka na spana mkononi, akauliza shimo lile ni la nani. Kila mmoja akaapa si lake. Fundi akasema jambo dogo, wakae mmoja mmoja tulinganishe. Hakukaa mtu. Siku hiyo kijiwe kizima kilishinda kimesimama, na Waziri akiwamo.

Mwezi ulikuwa unaishia alipokuja karakanani. Alisimama mlangoni. Shangazi aliendelea kuosha fremu ya kuchapia bila kuinua kichwa, ila mkono wake ulipunguza mwendo.

"Umenichora makalio, watu wote wayaone," kaka akasema.

"Nimechora kiti. Wewe ndiye uliyejitambua."

Akatafuta pa kunirudishia. Alikodolea macho bango lililokuwa mezani, akapapata.

"Hiyo K yako imelewa kuliko mimi."

Ilikuwa kweli. K hunishinda siku zote. Mkono wa herufi hiyo huanguka. Nikamnyooshea brashi, nikamwambia ainyooshe basi.

"Kesho nita..."

Akaishia hapo, macho kwenye bango. Nilikuwa na utani mzuri sana kwenye ncha ya ulimi, nikaumeza kama kidonge kichungu.

Akaishika brashi. K ya kwanza ikaharibika, ya pili ikawa mbaya kuliko yangu, na Shangazi akamsogezea karatasi nyingine. Jasho likamtoka. Akasema anatoka kidogo kupata hewa, na sote tulijua ni hewa gani. Aliutazama mlango kwa muda mrefu. Mwishowe akavuta stuli, lakini Shangazi akaisukuma kwa mguu hadi chini ya meza.

"Hapa kazi inafanywa wima," akasema.

Kaka akabaki wima. Akaharibu nyingine, akanuna, akaifuta brashi, akaanza upya. Ile iliyofuata ilisimama: mgongo umenyooka, mkono juu, mguu mbele, kama mtu anayeondoka mahali.

"Sasa E," nikamwambia. "Unaikumbuka?"

"Nyamaza, ulete wino."